Kidatu cha Sauti na Hatima ya Kina: Irabu za Ushairi wa Kiswahili katika Masikio ya Bonde la Ufa

1. Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umekizungumzia kina kwa muda mrefu kana kwamba ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba kina ni mfanano wa silabi katikati na mwishoni mwa mishororo, kisha huagizwa kuzihesabu silabi hizo na kuzitolea hukumu. Mjadala mkali uliozuka katika miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulihusu iwapo kina ni cha lazima au la. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alikihesabu miongoni mwa masharti ya utungo. Euphrase Kezilahabi, katika Kichomi (1974), alikiweka kando. Hata hivyo, pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila ya kulijadili: kwamba kina, mahali kilipo, husikika.

Makala haya yanayahoji makubaliano hayo. Yanauliza: kina husikikaje pale ambapo shairi limeghaniwa kwa sauti ya juu? Kina cha Kiswahili ni silabi, na moyo wa silabi ni irabu. Kwa hiyo, lolote linaloathiri namna msikilizaji anavyoitambua irabu linakiathiri kina pia. Wanafonetiki wamekwisha kuonyesha kuwa kidatu cha sauti, yaani ujuu au uchini wake, ni miongoni mwa mambo yenye athari hiyo. Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, wameyaacha matokeo hayo katika rafu za isimu.

Eneo linalozingatiwa hapa ni Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa nchini Kenya. Sababu ni mbili. Kwanza, ni eneo ambamo Kiswahili husikilizwa na watu wa lugha za kwanza zenye mifumo tofauti ya irabu: Wakikuyu, Wakalenjin, Wamaasai, Waluo, Wakisii na wengineo. Pili, ni eneo lenye mapokeo marefu ya kukusanya na kufundisha fasihi. Njoro, kilomita chache kutoka mjini Nakuru, ndiko kilikoanzishwa mwaka 1939 chuo cha kilimo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Na huko Kapkatet, upande wa Kericho, ndiko ulikorekodiwa mwaka 1950 wimbo ambao utakuwa kielelezo kikuu cha mjadala huu.

2. Kidatu na irabu: uhuru wenye mpaka

Sauti ya binadamu huzalishwa kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, nyuzi za sauti zilizomo katika zoloto hutetema, na idadi ya mitetemo hiyo kwa sekunde ndiyo inayosikika kama kidatu. Katika mazungumzo ya kawaida, nyuzi za mwanamume mzima hutetema takriban mara 120 kwa sekunde, za mwanamke mara 200 au zaidi kidogo, na za mtoto huweza kupita mara 250. Katika hatua ya pili, mtetemo huo hupita katika koo na kinywa, ambamo umbo linalofanywa na ulimi, taya na midomo huzipa nguvu baadhi ya sauti na kuzififisha nyingine. Vilele vya nguvu hiyo huitwa fomanti. Fomanti ya kwanza hupanda kadiri kinywa kinavyopanuka: huwa chini katika i na u, katikati katika e na o, na juu katika a. Fomanti ya pili hutegemea zaidi iwapo ulimi umesogea mbele au umerudi nyuma.

Kwa mujibu wa maelezo haya, kidatu ni kazi ya zoloto na irabu ni kazi ya kinywa. Kila kimoja kina uhuru wake. Ndiyo maana neno moja huweza kuimbwa kwa sauti nzito au nyembamba na likabaki kuwa neno lile lile. Lakini uhuru huo una mpaka. Nyuzi za sauti hazitoi sauti moja tu, bali hutoa mfululizo wa sauti zilizo mara mbili, mara tatu, mara nne ya kidatu chenyewe, na kuendelea. Kidatu kikiwa mitetemo 100, mfululizo huo ni 100, 200, 300, 400, na kadhalika. Hali hiyo ni sawa na vigingi vya ua uliopita juu ya kilima: vikisongamana, umbo la kilima huonekana wazi hata kwa mtu aliye mbali. Kidatu kikiwa mitetemo 500, vigingi vilivyobaki ni 500, 1000, 1500. Ua ni ule ule, kilima ni kile kile, lakini macho hayana tena cha kushika.

Ukweli huu una athari mahususi kwa irabu za juu na za kati. Fomanti ya kwanza ya irabu i huwa karibu na mitetemo 300, nayo ya e huwa juu kidogo ya hapo. Mwimbaji akipandisha kidatu hadi 500, hakuna sauti yoyote itokayo katika zoloto lake iliyo chini ya 500. Kinywa kimetengenezwa kuipa nguvu sauti ambayo haipo. Tofauti ya i na e, na vivyo hivyo tofauti ya u na o, hukosa mahali pa kukaa. Irabu a peke yake, ambayo fomanti yake ya kwanza iko juu sana, hustahimili. Mtafiti wa sauti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza katika miaka ya 1970 jinsi waimbaji wa kike wenye sauti za juu wanavyolikabili tatizo hili: huzidi kufungua taya ili fomanti ya kwanza ikifuate kidatu kinapopanda. Wanapata sauti yenye nguvu, na irabu ndiyo inayolipia gharama.

Hata kabla ya kufikia kimo hicho, sikio lenyewe hutumia kidatu kuamua irabu. Mwaka 1952, Gordon Peterson na Harold Barney walichapisha vipimo vya irabu 10 za Kiingereza vilivyotokana na wasemaji 76, wanaume, wanawake na watoto. Vipimo vilionyesha kwamba maeneo ya irabu hupishana: fomanti ambazo kinywani mwa msemaji mmoja ni irabu hii, kinywani mwa msemaji mwingine huweza kuwa irabu nyingine. Mwaka uliofuata, R. L. Miller alionyesha kwamba kidatu kikiongezwa maradufu bila ya fomanti kuguswa, mipaka ya baadhi ya irabu husogea masikioni mwa wasikilizaji. Hartmut Traunmüller, mwaka 1981, aliufafanua uhusiano huo: msikilizaji huupima uwazi wa irabu kwa umbali uliopo kati ya kidatu na fomanti ya kwanza. Umbali ukipungua, irabu husikika kuwa imefungwa zaidi. Hii ina maana kwamba e iliyotamkwa kwa kinywa kile kile, lakini kwa sauti iliyopanda, huelekea kusikika kama i.

Jambo la mwisho, na ambalo pengine lina uzito mkubwa zaidi kwa mhakiki, ni kwamba msikilizaji hasikilizi irabu pekee, humsikiliza mtu. Peter Ladefoged na Donald Broadbent walionyesha mwaka 1957 kwamba neno moja lililorekodiwa huweza kusikika kuwa na irabu tofauti kutegemea sauti ya sentensi iliyolitangulia. Mwaka 1999, Keith Johnson na wenzake walionyesha kwamba kumwona msemaji wa kike au wa kiume, au hata kuagizwa tu kumwazia, hutosha kuusogeza mpaka wa irabu. Kabla ya kuamua ni irabu gani iliyosemwa, sikio limekwisha kuamua ni nani aliyesema.

3. Kina, hati na sikio

Ikiwa mambo ndivyo yalivyo, kina cha Kiswahili kimesimama wapi? Chukua maneno wali na wale. Katika karatasi, mshororo unaoishia na neno la kwanza na ule unaoishia na neno la pili havina kina cha pamoja: mmoja una li, mwingine una le. Mwalimu atauzungushia wekundu. Chukua pia mto na mtu: tofauti yao yote imebebwa na irabu ya mwisho, o au u. Irabu hizo za mwisho, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ni dhaifu katika usemaji wa kawaida. Mahadhi huzirefusha na kuzipa nafasi ya kusikika; lakini mahadhi hayo hayo huweza kuzipandisha hadi mahali ambapo urefu hausaidii kitu. Ghani hutoa kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mwingine.

Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), ametilia mkazo kwamba ushairi wa Kiswahili haukuzaliwa kwa ajili ya kusomwa kimya, bali umefungamana na uimbaji. Wanamapokeo wengi wanaikubali hoja hiyo na kuitumia kutetea vina na mizani. Hapa pana mkinzano ambao haujapewa uzito unaostahili. Ikiwa shairi ni wimbo, basi kipimo cha kina ni wimbo. Na ikiwa kipimo cha kina ni wimbo, basi wali na wale, vikiimbwa juu ya kutosha, vina kina kimoja. Mwenye kushikilia kwamba havina, anashikilia kipimo kingine ambacho si wimbo. Kipimo hicho ni kipi?

Jibu la haraka ni kwamba kipimo hicho ni maandishi. Lakini historia ya hati za Kiswahili hailiungi mkono jibu hilo. Tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mfumo wa alama uliotumika kwa kawaida ulikuwa na alama tatu tu za irabu: fatha kwa a, kasra kwa i na e, na dhamma kwa u na o. Kabla ya marekebisho yaliyofanywa na wataalamu wa baadaye, wali na wale viliandikwa sawa. Mto na mtu viliandikwa sawa. Ajabu ni kwamba jozi zilizounganishwa na hati ndizo hizo hizo zinazounganishwa na kidatu cha juu. Sababu zake ni mbalimbali, kwani hati ilitokana na lugha yenye irabu tatu na kidatu kinatokana na maumbile ya sauti, lakini matokeo yamekutana mahali pamoja. Katika mswada irabu i na e hazikutofautiana kwa macho. Katika ghani ya juu hazikutofautiana kwa masikio. Na bado washairi walizitofautisha.

Hivyo basi, sheria ya kina haikukaa katika karatasi wala katika hewa. Ilikaa katika ulimi na kumbukumbu ya mtu aliyeijua lugha. Msomaji wa mswada aliliona umbo moja na kulitamka kwa irabu iliyostahiki kwa sababu alilijua neno. Msikilizaji wa ghani aliisikia sauti yenye utata na kuirejesha kwa irabu yake kwa sababu hiyo hiyo. Kina kilikuwa ni mapatano baina ya watu waliokwisha kujua. Shairi halikulazimika kumthibitishia msikilizaji kuwa irabu ni e. Lilimwachia mwenyewe aitambue.

Mtazamo huu unatoa mwanga mpya juu ya tungo zinazofahamika sana. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, una kina cha bahari kinachoishia na a, irabu isiyotikiswa kwa urahisi na sauti ya juu. Ni utungo wa mama kwa binti yake, na kwa vizazi kadhaa umeghaniwa na wanawake. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ina kina cha bahari cha ye, chenye irabu ya kati, ambayo huomba sauti tulivu zaidi ili ibaki kuwa yenyewe. Haidaiwi hapa kwamba watunzi hao walichagua vina vyao kwa hesabu za fonetiki. Linalodaiwa ni kwamba kina hubeba ndani yake ushauri kuhusu sauti ya kukighania, na kwamba mhakiki anayetazama herufi peke yake hawezi kuusikia ushauri huo.

4. Sikio la Bonde la Ufa

Yaliyosemwa hadi hapa yanamhusu msikilizaji ambaye Kiswahili chenye irabu tano ndicho kilichomjengea sikio. Mjini Nakuru, msikilizaji huyo ni mmoja miongoni mwa wengi. Kikikuyu kina irabu saba, na maandishi yake hulitambua jambo hilo kwa alama za ĩ na ũ. Mbele ya kinywa, mahali ambapo Kiswahili kina i na e tu, Kikikuyu kina irabu tatu. Kikisii nacho kina irabu saba. Kimaasai kina irabu tisa, na Kikalenjin kina irabu kumi, zilizopangwa kwa jozi kulingana na iwapo shina la ulimi limesukumwa mbele au la. Maandishi ya kawaida ya lugha hizi mbili, hata hivyo, hutumia herufi tano. Mwanafunzi wa Kikipsigis anayeandika lugha yake kwa herufi tano hufanya kila siku kile alichofanya mwandishi wa mswada wa Lamu: huandika umbo moja na kuiachia kumbukumbu kazi ya kutofautisha.

Kadiri irabu zinavyozidi kuwa nyingi katika nafasi ile ile ya kinywa, ndivyo mipaka yao inavyokaribiana. Tofauti ya jozi za Kikalenjin hujidhihirisha kwa kiasi kikubwa katika fomanti ya kwanza, mahali pale pale ambapo kidatu hufanya fujo zake. Zaidi ya hayo, Kikikuyu, Kikalenjin na Kimaasai ni lugha za toni: kidatu kina kazi ya kutofautisha maana za maneno au dhima za kisarufi. Kiswahili hakina toni ya aina hiyo. Kwa hiyo mghani wa Kiswahili ana uhuru wa kukipeleka kidatu apendako bila ya kubadili neno, uhuru ambao mwimbaji wa Kinandi hana kwa kiwango hicho. Msikilizaji aliyelelewa katika lugha ya toni huja mbele ya ghani ya Kiswahili akiwa na mazoea ya kukitilia maanani kidatu.

Kutokana na hali hii, kauli iliyozoeleka kwamba "lafudhi ya bara inaharibu vina" inahitaji kuchunguzwa upya. Kauli hiyo huchanganya mambo matatu yaliyo mbali mbali. La kwanza ni kwamba mghani ametamka irabu isiyo yake. La pili ni kwamba ametamka irabu yake barabara, lakini kidatu kimeificha. La tatu ni kwamba irabu imetamkwa na imesikika, ila msikilizaji ameipanga katika mfumo wa lugha yake mwenyewe. Kosa la kwanza ni la ulimi. La pili si kosa bali ni maumbile. La tatu, kama ni kosa, ni la sikio, na huenda sikio hilo likawa la mwamuzi.

5. Chemirocha: jina moja katika sauti mbili

Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki ambaye baadaye, mwaka 1954, aliasisi maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini, alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet. Miongoni mwazo zilikuwamo nyimbo zilizobeba jina Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyopata umaarufu ulimwenguni, iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kwa sauti nyembamba za juu zikisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi ya Kikipsigis. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika katika nchi ya Wakipsigis pamoja na gramafoni za kuzungushwa kwa mkono. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwona kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa.

Kwa miongo mingi wimbo huu umesimuliwa kama kichekesho cha kusikia vibaya: watu wa kijijini walilisikia jina la kigeni, wakalivuruga. Usomaji huo ni mwepesi mno. Tazama kilichotokea kwa konsonanti. Kikalenjin hakitofautishi j na ch. Kwa hiyo j ya mwanzo na ile ya mwishoni zote mbili zimekuwa ch, bila kukosea hata mara moja. Huo ni utaratibu kamili, na neno uvurugaji halilingani nao. Irabu nazo hazikutupwa ovyo. Irabu ya pili ya Jimmie imebaki i. Ya Rodgers imebaki o. Ile hafifu ya mwisho, ambayo Kiingereza chenyewe huitamka kwa ulegevu, imepewa a. Iliyobadilika ni ya kwanza, iliyokuwa kati ya i na e, nayo ikawa e.

Kwa nini e? Majibu mawili yanawezekana, na hayapingani. La kwanza ni la sikio. Irabu ya kwanza ya Jimmie si i kamili. Iko mahali ambapo msikilizaji lazima aamue, na uamuzi huo ulifanywa mbele ya chombo kisicho na uso. Rodgers alisifika kwa kuruka ghafla kutoka sauti ya kifua hadi sauti nyembamba ya juu, na gramafoni ya mkono hubadili kasi kadiri springi yake inavyolegea, hivi kwamba kidatu na fomanti hushuka pamoja. Msikilizaji hakuwa na mtu thabiti wa kumpimia irabu. Jibu la pili ni la lugha na desturi. Che- na Chep- ni mwanzo wa majina mengi ya Kikalenjin, hasa ya kike. Mahali ambapo sauti ilikuwa na utata, desturi ya kutoa majina ilitoa jibu. Sikio lilipouliza "ni nani huyu?", lugha ilijibu kwa namna inayompokea mgeni miongoni mwa wenye majina.

Kwa mtazamo huu, nusu mtu nusu paa si upuuzi wa kitoto. Ni maelezo sahihi ya sauti isiyokubali kukaa katika mwili mmoja: mara nzito, mara nyembamba, bila kumwambia msikilizaji iwapo ni ya mwanamume, mwanamke au kiumbe kingine. Utafiti wa mwaka 1999 uliokwisha kutajwa unasema kwamba sikio humwazia msemaji kabla ya kuamua irabu. Wasichana wa Kapkatet walimwazia msemaji, kisha wakamtungia wimbo.

Kuna funzo la pili, nalo linamhusu mkusanyaji. Jina moja limeimbwa na wanaume na likaimbwa na wasichana. Mwenye kuandika maneno ya rekodi za kwanza husikiliza vigingi vilivyosongamana. Mwenye kuandika ya tatu husikiliza vilivyoachana. Hata hivyo, kwenye karatasi nyimbo zote huonekana kuwa na uhakika sawa. Nakala za rekodi hizo zilirejeshwa kwa jamii ya Kapkatet katika muongo wa 2010, na hilo ni jambo la kheri kwa uhakiki vilevile, kwa sababu irabu zenye utata zimerudi mbele ya masikio yenye haki ya kuziamua.

6. Jukwaani na katika daftari

Hayo yana uzito wa moja kwa moja katika mambo mawili yanayofanyika kila mwaka. La kwanza ni ughani wa mashairi katika mashindano ya shule. Tamasha la muziki la Kenya, lenye mizizi yake katika mwaka 1927, limewapa watoto wa shule jukwaa la kughani Kiswahili. Mtoto wa miaka tisa anapopanda jukwaani, kidatu chake cha kawaida kiko juu. Msisimko na ukubwa wa ukumbi hukipandisha zaidi. Mwamuzi anayeandika kwamba mtoto huyo "hatofautishi i na e" huenda anaeleza zoloto la mtoto, wala si ulimi wake. Na mtoto aliyefunzwa kufungua kinywa anapopanda, jambo ambalo Sundberg alilikuta kwa waimbaji waliobobea, huenda akakatwa alama kwa kosa la kuwa fundi.

Huenda pakatolewa pingamizi kwamba utata huu hauna madhara, kwa kuwa muktadha humwezesha msikilizaji kulitambua neno. Ni kweli kwamba hakuna atakayedhani kuwa wale wamepikwa na wali umesimama mlangoni. Lakini pingamizi hilo halikigusi kina. Muktadha humpa msikilizaji neno. Kina humwahidi sauti. Msikilizaji anayeijua irabu kwa sababu amelielewa neno hajakisikia kina, amekihitimisha. Tofauti ya kusikia na kuhitimisha ndiyo tofauti ya shairi linalomgusa mtu na shairi analolikubali.

La pili ni ukusanyaji wa fasihi simulizi. Daftari nyingi za wanafunzi wa Bonde la Ufa zimetokana na kaseti. Kinasa sauti chenye betri zilizochoka huizungusha tepu polepole. Tepu hiyo ikichezwa baadaye kwa kasi sahihi, sauti hupanda, na bibi kizee husikika kama msichana. Vyombo vya kidijitali vimeliondoa tatizo hilo kwa rekodi mpya, lakini hazina ya zamani bado imo katika makabati ya vyuo. Nyimbo za wanawake na za watoto, ambazo kwa maumbile yao zina sauti za juu, ndizo zilizo katika hatari kubwa zaidi ya kuandikwa kwa irabu za kukisia. Mhakiki anayejenga hoja juu ya kina cha wimbo wa jandoni wa wasichana, akitegemea daftari peke yake, huenda anahakiki sikio la mwandishi.

7. Hitimisho

Makala haya hayatetei uzembe wa matamshi, wala hayadai kwamba kina ni njozi. Yanadai kwamba kina hutokea baina ya mghani na msikilizaji, na kwamba kidatu ni miongoni mwa masharti ya makutano yao. Kutokana na dai hilo, mambo matatu yanafuata. Kwanza, mwamuzi asihukumu irabu kabla ya kuusikia mshororo ule ule ukisemwa kwa sauti ya mazungumzo. Mtoto anayetofautisha wali na wale katika mazungumzo hana kosa la ulimi. Pili, mkusanyaji aandike, pamoja na maneno, jinsia na umri wa mwimbaji, chombo kilichotumika, na irabu ambazo hakuwa na hakika nazo. Alama ya kuuliza juu ya irabu ni uaminifu. Tatu, mhakiki anapodai kuwa utungo fulani una vina au hauna, aseme ameusikia katika sauti ya nani.

Waandishi wa miswada ya kale waliandika kasra moja kwa irabu mbili, wakiamini kwamba msomaji ataijua ipi ni ipi. Uhakiki wa leo una herufi tano na vyombo vya kupimia mitetemo, na bado umeshindwa kumpa mtoto wa Njoro imani ambayo mwandishi wa mswada alimpa msomaji wake. Mjadala wa kina utasonga mbele siku ambayo mwamuzi, kabla ya kuandika kwamba irabu imepotea, atajiuliza ni nani aliyeipoteza.